Mdau na Mlengwa: Lugha ya Mpango Mkakati na Chuo Kikuu cha Mkoa, kwa Mfano wa Ngara na Biharamulo



Nawashukuru walioniita kuja kusema mbele yenu. Nilipowapelekea mada yangu, waliniuliza mara mbili kama sikukosea. Mpango mkakati, waliniambia, ni jambo la wenzetu wa uongozi na biashara. Mtu wa Kiswahili anatafuta nini humo? Jibu langu lilikuwa kwamba mpango mkakati ni matini. Unaandikwa, unasomwa, unafasiriwa, na mara nyingi haueleweki. Kama sisi tunaochambua tenzi na riwaya hatuna la kusema juu ya matini inayoamua chuo kijengwe wapi, kifundishe nini na kimhudumie nani, basi tumejipunguzia kazi wenyewe.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa Ngara mjini katika mkutano wa wadau wa chuo kimoja ambacho leo sitakitaja. Tulikuwa watu kama hamsini: maofisa wa halmashauri, walimu, viongozi wa dini, wakulima wachache. Karatasi tulizogawiwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwezeshaji alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akatufasiria kwa haraka, na alipokwama aliliacha neno kama lilivyo. Baadaye mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyeketi safu ya nyuma, aliomba aelezwe Ngara imetajwa ukurasa gani. Tukatafuta. Tuliikuta mara moja tu, katika safu ya vitisho, pamoja na ubovu wa barabara na wakimbizi. Mzee akasimama tena: “Mwanangu, sasa sisi tumeitwa hapa kama wadau au kama kitisho?” Watu walicheka. Mwezeshaji aliandika swali katika daftari lake, na kikao kikaendelea.

Swali lile halikupata jibu siku ile, nami nimelibeba tangu hapo. Mhadhara huu ni jaribio la kulijibu. Nitadai kwamba mpango wa chuo kikuu cha mkoa unapaswa kuandikwa kwanza kwa Kiswahili, na kwamba hoja hii haitokani na mapenzi yetu kwa lugha. Msamiati na sarufi ya Kiswahili humlazimisha mpangaji aseme mambo ambayo matini ya Kiingereza cha ofisini humruhusu kuyapita kimya: nani atatenda, nani anadaiwa, na nani ameweka nini mezani.

Mpango ulikotoka

Utaratibu huu wa vyuo vyetu kuwa na mipango mkakati si wa zamani sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa na Serikali mwaka 1990 kutokana na mgogoro wa wanafunzi. Fedha zilikuwa haba, majengo yamechakaa, wahadhiri wanatafuta riziki nje. Katika hali hiyo, chini ya Makamu Mkuu wa Chuo Profesa Mathew Luhanga aliyeshika uongozi mwaka 1991, ilianzishwa mwaka 1993 programu ya mageuzi ya kitaasisi, na mwaka uliofuata ukapatikana mpango mkakati wa chuo kizima. Kazi hiyo ilielezwa kwa kirefu na wahusika wenyewe katika vitabu viwili vilivyotoka mwaka 2003. Miongoni mwa waandishi wake, pamoja na Luhanga, alikuwamo Profesa Tolly Mbwette, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na alikuwamo pia Profesa Daniel Mkude.

Hapo naomba tusimame kidogo, kwa sababu Mkude ni mwanaisimu. Mmoja wa wasanifu wa mpango mkakati wa kwanza wa chuo kikuu kikongwe kuliko vyote nchini alikuwa mtu aliyefundishwa kuchambua sentensi. Kwa hiyo wanaoona kwamba leo nimevamia shamba la jirani wakumbuke kuwa mwenzetu alilima humo zamani.

Sitaki kuubeza mpango ule. Uliwafanya watu waulize maswali ambayo hayakuwa yakiulizwa: chuo kinagharimu kiasi gani kwa mwanafunzi mmoja, idara ipi ina kazi gani, kwa nini uamuzi mdogo upite kamati tano. Vyuo vingine vilifuata njia hiyo hiyo, na baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 kuundia nchi Tume ya Vyuo Vikuu, kuwa na mpango mkakati kukawa jambo la kawaida kwa kila anayetaka kuaminiwa. Lakini pamoja na maswali hayo ilirithiwa pia lugha. Mipango iliandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu wafadhili walisoma Kiingereza na Seneti iliendesha vikao kwa Kiingereza. Kiswahili kiliingia kwa mlango wa nyuma, katika muhtasari wa kurasa mbili, au katika hotuba ya uzinduzi.

Maneno manne

Hata hivyo Kiswahili kilipoingia hakikukaa kama mgeni. Tuyatazame maneno manne ambayo kila mpango unayo.

La kwanza ni dira. Kiingereza kilitumia neno linalotokana na kuona kwa macho. Wafasiri wetu wangeweza kusema “maono”, na makanisani ndivyo wanavyosema. Lakini katika lugha ya Serikali, tangu Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 na sasa Dira 2050 iliyozinduliwa mwaka 2025, lililoshinda ni jina la chombo cha baharia. Tofauti ni kubwa. Aliyepata maono ameona mwisho wa safari, na wengine hawana budi kumwamini. Mwenye dira haoni pwani. Anajua tu upande ulipo, na kila aliyemo chomboni akiinama anaweza kuusoma mshale ule ule. Dira ambayo manahodha peke yao ndio wanaoweza kuisoma si dira tena.

La pili ni dhima. Hili hutumika kwa kile ambacho taasisi imetumwa kufanya. Asili yake ya Kiarabu inabeba ahadi na deni, na katika Kiswahili cha kawaida jambo lililo katika dhima ya mtu ni jambo atakaloulizwa. Mpango unaosema “dhima ya chuo ni kutoa elimu bora” umekiri deni, hata kama mwandishi alidhani amejitangaza tu. Swali la kawaida kabisa linafuata: anadaiwa na nani?

Maneno ya tatu na ya nne ndiyo yaliyompa mzee wa Ngara swali lake. Mdau ametokana na dau, yaani kile anachoweka mchezaji ili aruhusiwe kuingia mchezoni. Asiyeweka dau ni mtazamaji. Mlengwa ametokana na kulenga, na ni kauli ya kutendwa. Mlengwa ni yule anayeelekezewa mshale. Neno hili lilienea sana baada ya mwaka 2000 kupitia miradi kama ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na leo hakuna anayelisikia kwa ubaya. Lakini sarufi haisahau. Mdau ana kitu chake ndani ya jambo na anaweza kushinda au kushindwa nalo. Mlengwa hana analofanya ila kukaa mahali pake ili asikoswe.

Mipango yetu mingi huita watu wadau katika ukurasa wa shukrani na kuwafanya walengwa katika kurasa zinazofuata. Ukitaka ushahidi, tazama vitenzi. Ushirikiano na jamii utaimarishwa. Utafiti utahuishwa. Mahusiano na wilaya za mpakani yatakuzwa. Hizi ni sentensi za mfano, lakini hakuna aliyemo humu ambaye hajazisoma. Zote ni za kutendwa, zote za wakati ujao, na hakuna hata moja yenye mtenda. Mwanafunzi wa shule ya msingi akileta sentensi kama hiyo, mwalimu atamwuliza: utaimarishwa na nani? Kiswahili kina kiunganishi kidogo kabisa, “na”, kinachosubiri kuambiwa jina. Mpangaji anapokiacha wazi msomaji anahisi pengo. Katika Kiingereza cha ofisini pengo hilo limezoeleka kiasi kwamba halionekani.

Na tukiwa bado katika maneno, niseme moja juu ya “changamoto”. Wengi huliweka badala ya “vitisho”, kwa adabu. Sina ugomvi na adabu. Lakini neno lililokusudiwa kutaja kitu kinachochangamsha akili limekuwa shuka la kufunikia kila upungufu, na aliyefunikwa shuka hafanyiwi uchunguzi.

Ngara na Biharamulo mbele ya mchambuzi

Sasa twende mahali penyewe. Mkoa tunaouita Kagera uliitwa Ziwa Magharibi hadi baada ya vita vya Uganda, ulipopewa jina la mto mwaka 1979. Bukoba, makao yake makuu, iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kaskazini-mashariki. Ngara iko upande mwingine kabisa, kusini-magharibi, ikipakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja. Biharamulo iko kusini, njiani. Kwa sensa ya mwaka 2012 kila moja ya wilaya hizi mbili ilikuwa na watu zaidi ya 320,000, na sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa mzima ukikaribia milioni 3.

Mchambuzi wa kitaasisi hufundishwa kugawa dunia katika safu mbili: ndani ya taasisi kuna uwezo na udhaifu, nje kuna fursa na vitisho. Jaribu kuugawa ukweli wa Ngara katika safu hizo uone. Mpaka ni kitisho au fursa? Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwa sehemu ya utawala wa Burundi kabla ya wakoloni, ikabaki Tanganyika pale Waingereza na Wabelgiji walipogawana maeneo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kihangaza na Kishubi ni jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Katika uainishaji wa Guthrie viko katika kundi moja la D60. Mtu wa Kabanga anapovuka kwenda sokoni upande wa pili hahitaji mkalimani. Kwa hiyo mpaka uliochorwa katika ramani ya mpango kama ukuta, katika masikio ya wenyeji ni kama kizingiti.

Biharamulo ni sura nyingine. Hapo Kisubi, Kizinza, Kihaya, Kiha na Kisukuma vinakutana, na Kiswahili ndicho kinachosuluhisha. (Niwaombe wanafunzi wasiichanganye Rusubi ya Biharamulo na Bushubi ya Ngara. Zilikuwa himaya mbili, na nimeona kazi za shahada zikizifanya moja kwa sababu ya herufi.) Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza kuzalisha mwaka 2005, ukachukuliwa na shirika la madini la taifa mwaka 2013. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Chato yenyewe ilimegwa kutoka Biharamulo, na mwaka 2012 ikaingia Mkoa mpya wa Geita. Mpango ulioandikwa kwa ajili ya “Kagera” mwaka 2010 ungekuwa na ramani isiyo sahihi kabla haujafika nusu ya muda wake.

Ongeza nikeli ya Kabanga, iliyogunduliwa miaka ya 1970, ambayo kiwanda chake cha kusafishia kimepangwa kujengwa Kahama, nje ya mkoa. Ongeza umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kwa usawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hapa kuna kazi za fundi, mwanasheria, mhasibu, mwanamazingira na, nasema bila haya, mfasiri. Mkataba wa nchi tatu una lugha ngapi? Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikipa hadhi hiyo hiyo katika Jumuiya mwaka 2021. Walimu wa Kiswahili watakaohitajika Kirehe na Muyinga wangeweza kutoka mahali gani pa karibu zaidi kuliko Ngara, ambako mwalimu anaweza kueleza ngeli za Kiswahili kwa kulinganisha na lugha aliyonyonya kwa mama yake?

Mpango unaoiweka Ngara katika safu ya vitisho peke yake haukusema uongo. Barabara zilikuwa mbovu kweli. Wakimbizi walikuja kweli. Ila ulisema jambo moja kati ya kumi.

Wakimbizi, na redio

Juu ya wakimbizi naomba niseme zaidi, kwa sababu ndilo neno linalotumika kufunga mjadala. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Benaco, mahali palipojulikana kwa kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa mji mkubwa kuliko mji wowote wa mkoa ule. Wengi wa Wanyarwanda walirudishwa Desemba 1996. Kambi za Warundi za Lukole zilidumu hadi 2008. Misitu ilikatwa, mashamba yaliharibiwa, na wenyeji walibeba mzigo ambao haujaandikwa vya kutosha.

Katika hali hiyo hiyo kulizaliwa taasisi ninayoitaja kila ninapofundisha uchambuzi wa taasisi, ingawa si chuo. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara. Jina lenyewe, katika Kirundi na Kinyarwanda, ni tumaini au kuamini. Waanzilishi walikabiliwa na swali ambalo kila mpangaji wa chuo hulikwepa: anayesikiliza ni nani, na anasikia lugha gani? Redio haiwezi kulikwepa swali hilo. Ukitangaza kwa lugha isiyosikika, msikilizaji huzima. Basi walitangaza kwa lugha za waliokuwapo, Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili, na wakimbizi walipoondoka redio haikuondoka nao; ilibaki kuwa redio ya wenyeji wa pande zile.

Sina haja ya kuitukuza kupita kiasi. Ninachosema ni kwamba taasisi iliyozaliwa kwa ajili ya dharura iliweza kuishi baada ya dharura, na sababu mojawapo ni kwamba ilianza na swali la lugha badala ya kumalizia nalo.

Bukoba na funzo lake

Kwa upande wa vyuo vikuu, mkoa una kumbukumbu yenye maumivu. Bukoba ilipata Chuo Kikuu Kishiriki cha Josiah Kibira, cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira; ikapata na Chuo Kikuu Kishiriki cha Kumbukumbu ya Kardinali Rugambwa, cha Kanisa Katoliki, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Majina hayo mawili ni ya wana wa Buhaya waliojulikana duniani: Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, mwaka 1960, na Kibira, Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977. Kufikia mwaka 2020 vyuo vyote viwili vilikuwa havipo tena katika orodha ya vinavyofundisha.

Sipendi kuhukumu kutoka mbali. Waliofundisha pale walifanya kazi ngumu, na kila chuo kina historia yake. Lakini muundo wa vyuo vya ukubwa ule nchini unafahamika. Vilitegemea ada kwa karibu kila kitu. Ada ilitegemea mikopo ya Bodi iliyoanza kazi mwaka 2005. Idadi ya wanafunzi ilitegemea miongozo ya udahili iliyotolewa Dar es Salaam. Kila nguzo ya nyumba ilisimama katika kiwanja cha mtu mwingine. Katika lugha ya mhadhara huu, nani alikuwa ameweka dau pale ambalo lingemfanya akatae chuo kisife? Wazazi wa Ngara na Biharamulo walilipa ada, ndiyo, lakini mlipa ada ni mteja, na mteja duka likifungwa huenda duka la pili.

Sasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinapata kampasi Kagera, huko Itahwa, kata ya Karabagaine, katika Wilaya ya Bukoba, kupitia mradi wa elimu ya juu unaoitwa HEET, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021. Nafurahi kwa hilo. Mkoa umesubiri muda mrefu, na kampasi ya chuo cha umma ina mizizi ambayo vyuo vile viwili havikuwa nayo. Ila mtoto wa Rulenge atakayetaka kufika Itahwa atavuka mkoa mzima, na njiani atapita Biharamulo, ambako mwenzake naye anasubiri basi. Kwa umbali wa kilomita pekee, Kigali iko karibu naye kuliko Bukoba.

Jina HEET nalo linanipa neno la kusema. Mnamo mwaka 2002 nchi ilianza MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na mwaka 2004 ikaanza MMES kwa sekondari. Nani kijijini hakujua MMEM? Ilikuwa kifupisho cha Kiswahili, na watu waliitamka kama jina la mtu. Kamati za shule zilitakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, kwa Kiswahili, na mzazi aliyeona hesabu haikai sawa aliweza kuuliza. MMEM na MMES zilikuwa na kasoro nyingi. Madarasa yalijaa kuliko walimu, na shule za kata zilipewa majina ya kejeli ambayo hatuyarudii hapa. Lakini zilikuwa na wadau kwa maana ya dau. Wananchi walibeba mawe, walifyatua matofali, walichangia siku za kazi. Ngara walifanya hivyo, Biharamulo walifanya hivyo. Watoto waliotoka katika shule hizo ndio wanaogonga mlango wa chuo kikuu leo. Kwa hiyo mpangaji anayesema wilaya hizi hazina mchango katika elimu ya juu hajasoma daftari lililotangulia. Dau liliwekwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, kwa matofali.

Najua kinachojibiwa. Kwamba mkopeshaji anasoma Kiingereza. Kwamba lugha ya kufundishia chuoni ni Kiingereza. Kwamba kuandika mara mbili ni gharama. La kwanza ni kweli, na ndiyo maana nasema mpango uandikwe kwanza kwa Kiswahili kisha ufasiriwe, si ubaki katika Kiswahili. Tunao wafasiri. Tumewafundisha katika idara hizi hizi, na wengi wao wanatafuta kazi. La pili ni mjadala mkubwa ambao sitaufungua jioni hii, ila chuo kinachofundisha sayansi kwa Kiingereza bado kinaweza kumweleza mkulima wa Murusagamba kwa Kiswahili kitafanya nini na fedha zitakazolipwa na mjukuu wake. La tatu linanishangaza. Tunalipia washauri waelekezi kuandika. Kulipia ili tueleweke ndiko kunakoonekana anasa.

Lipo pingamizi la nne, zito zaidi, ambalo huletwa na watu wa kwetu wenyewe. Wanasema Kiswahili nacho kinaweza kuficha. Ni kweli. Nimeonyesha jinsi “changamoto” inavyofunika na jinsi “utaimarishwa” inavyokwepa. Kiswahili cha ofisini kinajifunza haraka tabia za mwalimu wake. Kinga ninayoijua ni moja tu: matini isomwe mbele ya watu wanaoweza kuikatiza. Rasimu isomwe Ngara, isomwe Nyakanazi, katika mkutano ambao mzee wa safu ya nyuma anaweza kusimama na kuuliza ukurasa. Palipo na kitenzi cha kutendwa, aulize “na nani?”, na kisiandikwe hadi jina au cheo kipatikane: Rasi, mkuu wa idara, mkurugenzi wa halmashauri.

Ningependa pia uchambuzi wa kampasi ya mkoa uache kuhesabu umbali kwa kilomita tu. Kuna umbali wa uamuzi. Kama mhadhiri aliyeko Itahwa anahitaji idhini ya Dar es Salaam ili awapeleke wanafunzi wake wiki mbili Rusumo, basi Ngara iko mbali kwa kilomita na kwa saini pia, na barabara ya lami haitausaidia umbali huo wa pili. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilionyesha kwamba mtu anaweza kusoma shahada bila kuhama wilaya yake. Kituo chake cha Kagera kiko Bukoba. Kampasi mpya inaweza kukaa Itahwa na bado ikawa na chumba, maktaba ndogo na mtu mwenye mamlaka ya kutia saini Ngara, na mwingine Biharamulo. Hilo si ombi la majengo makubwa. Ni suala la nani ameandikwa katika muundo wa uongozi, na kwa kauli gani ya kitenzi.

Na kwa idara ya Kiswahili itakayofunguliwa huko siku moja, ninayo kazi moja ya kuanzia. Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa na wenzetu wa Dar es Salaam mwaka 2009 ilituhesabia wasemaji wa lugha zetu, wilaya kwa wilaya. Mtu achukue hesabu zile, aende Biharamulo na Ngara, aone nini kimebadilika baada ya kambi kufungwa, mgodi kubadili mikono na hifadhi kupandishwa hadhi. Asikilize sokoni, zahanatini, katika baraza la kata. Akirudi, ripoti yake iwekwe mezani pa wapangaji kabla hawajaanza kujaza safu zile nne.

Mwalimu mstaafu wa Ngara alikuwa na swali la pili siku ile, ambalo hakupewa nafasi ya kulisema kikaoni. Alinisogelea tulipokuwa tukinywa chai, akaniuliza kama chuo hicho, kikija, kitamkubali mtu wa umri wake aje asome. Nilimwambia nadhani kitamkubali. Aliniangalia kwa muda, akasema, “Unadhani. Na katika karatasi je?” Nikafungua karatasi tena, nikaanza kutafuta.